Wewe Kabila Gani?

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetuumba kwa udongo kisha akatutofautisha rangi na ndimi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba wake wote.

Katika maswali ambayo mtu wa pwani hawezi kuyakimbia, liko moja linalomfuata tangu ujanani mpaka uzeeni: sokoni, garini, hospitalini, ofisini, na wakati mwingine hata kwenye ngazi za msikiti. Swali lenyewe ni fupi: "Wewe kabila gani?" Ukijibu kuwa wewe ni Mswahili, aliyekuuliza hucheka kidogo, akatikisa kichwa kama kwamba umemfanyia mzaha. Hukwambia, "Mswahili si kabila, nakuuliza kabila lako khasa." Na kabla hujafungua kinywa mara ya pili, yeye amekwisha kukata hukumu: wewe ni Mwarabu, au wewe ni Mhindi, au wewe ni Msomali, au wewe ni mtu wa bara uliyejificha chini ya kofia.

Nimeulizwa swali hilo mara nyingi mno katika umri wangu, na nimeliona likiulizwa kwa namna mbalimbali. Sikuchukua kalamu ili nilie mbele yako. Nataka tulipime swali hili kwa mizani ya dini yetu, tujue lini ni la kheri na lini ni la shari. Kisha tugeuke tujitazame sisi wenyewe majumbani mwetu, kwani mwenye kulalamika juu ya moshi wa jirani yampasa atazame na jiko lake.

KUULIZA KWA KUJUANA

Kwanza kabisa tufahamu ya kwamba kuulizana asili si haramu, wala si tabia mbaya. Wazee wetu wa barazani walikuwa mafundi wa jambo hili. Mgeni akifika, baada ya salamu na kabla ya kahawa kupoa, huulizwa: "Wa wapi mwanangu? Na babako ni nani?" Akisema ametoka Siu au Vanga, Barawa au Pemba, mzee hufumba macho akakumbuka, kisha huendelea: "Siu mtaa gani? Wamjua fundi fulani aliyekuwa akiunda majahazi?" Haupiti muda ila itadhihirika kuwa shangazi wa huyu aliolewa na ami wa yule, na mgeni aliyeingia peke yake huondoka ana jamaa, tena amepata pa kulala. Swali lilianza kwa kuuliza likaisha kwa undugu.

Na haya ndiyo maana ya neno la Mola wetu katika Suratul Hujurat, aya ya 13, anapotufahamisha kuwa sote asili yetu ni mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na kuwa amejaalia mataifa na makabila ili tupate kujuana, wala ubora mbele yake haupimwi ila kwa uchamungu. Basi kabila ni alama ya kujuana, kama jina lilivyo alama ya mtu. Lakini itazame vyema sura hiyo, ndugu msomaji. Aya ya 11 imekataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya. Aya ya 12 imekataza dhana mbaya na kupelelezana. Kisha ndipo likaja kabila katika aya ya 13. Kwa hivyo mwenye kumuuliza mwenziwe kabila huku moyoni ana dharau, au ana dhana, mtu huyo ameziruka aya mbili ili aifikie ya tatu.

Kwa hakika kuna kuuliza kwa kujuana, na kuna kuuliza kwa kupimana bei. La kwanza hutaka kujua wewe ni nani. La pili hutaka kujua wewe ni wa kiasi gani: uheshimiwe kadiri gani, ungojeshwe kadiri gani, uaminiwe au ushukiwe. Maneno ya maswali hayo mawili ni yaleyale. Tofauti iko katika nia, na katika yale yanayofuata baada ya jibu.

TUMBO MOJA

Niruhusu nikupe mfano wa nyumbani kwetu. Mimi na ndugu yangu tumezaliwa Mombasa, Mji wa Kale, baba mmoja mama mmoja, tukapishana mwaka mmoja tu. Babu wa baba yetu alikuja na jahazi kutoka Hadhramaut akaoa Pate. Mama wa mama yetu alikuwa Mdigo wa Diani. Mungu awarehemu wote. Mimi nilitoka na rangi ya upande ule wa jahazi, na nywele za kulala. Ndugu yangu akatoka na rangi ya bibi yetu wa Diani, mweusi wa kung'ara, na sura yake bibi ile ile. Nyumbani hilo halikuwa jambo. Mama alitupaka mafuta ya nazi kwa mkono mmoja, na bakora ya mwalimu wa chuo haikuchagua rangi. Ni nje ya mlango ndiko tulikojifunza kuwa sisi tu watu mbali mbali.

Siku moja tulikuwa katika basi la kwenda Nairobi, na baina yetu ameketi mzee mmoja wa bara, mtu mpole mwenye uso wa kheri. Akamgeukia ndugu yangu akamsalimu kwa Kikamba. Kisha akanigeukia mimi akanisalimu kwa Kiingereza, akaniuliza ukoo wetu ulihamia lini kutoka Bombay. Tulipomwambia kuwa sisi ni ndugu alicheka sana, nasi tukacheka naye. Lakini hakutosheka. Akauliza, "Mama zenu ni wawili?" Tukamwambia ni mmoja. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Basi baba zenu?"

Msomaji, mzee yule hakukusudia ubaya. Lakini tazama swali lake lilipofika. Lilianza kwa kabila, na kwa hatua tatu tu likawa limefika kwenye heshima ya mama yetu, mwanamke aliyekuwa nyumbani kwake Mombasa akichambua mchele, hana khabari. Hapo ndipo ilipo hatari ya kumsoma mtu nasaba yake usoni. Mwenye kusema, "Huyu hafanani na hao," mara nyingi hajui kuwa ametia mkono katika sitara ya watu.

Katika mwaka 1990 tulikwenda pamoja kutaka vitambulisho, mimi nina miaka 19 na yeye ana 18. Makaratasi yetu yalikuwa sawa: jina la baba lile lile, la mama lile lile, la mtaa lile lile. Ndugu yangu akapigwa alama za vidole akaambiwa aende. Mimi bwana aliyekuwa mezani alinitazama, akaweka kalamu chini, akasema, "Wewe kijana, lete cheti cha kuzaliwa cha babu yako." Nikamwambia kuwa babu yangu na babu wa yule aliyetoka sasa hivi ni mtu mmoja. Akasema, "Yule sina shaka naye."

Ulikuwa ni mwaka mmoja tu tangu serikali ya Kenya, mwishoni mwa 1989, iwachekeche raia wake Wasomali na kuwapa kadi za rangi ya waridi, na kila mwenye sura kama yangu alishukiwa kuwa ametoka ng'ambo. Nilirudi nyumbani nikamweleza baba. Akaondoka, akaleta msahafu wa zamani uliofungwa kwa kitambaa, akafunua jalada la ndani. Humo mlikuwa mmeandikwa kwa wino uliofifia, kwa khati ya Kiarabu, siku aliyozaliwa babu, na siku waliyozaliwa ndugu zake wote, pamoja na wale waliokufa wachanga. Akaniambia, "Mwanangu, hiki ndicho cheti chetu. Wala sidhani kama watakikubali." Na kweli hakikukubaliwa. Nilikwenda na kurudi miezi kumi na minne. Katika muda huo nilikuwa nimeahidiwa kazi ya ubaharia katika meli, nami bila kitambulisho sikuweza kupata pasipoti. Meli ikaondoka na kijana mwengine.

Wala usidhani, ndugu msomaji, kuwa rangi yangu ni ya kupata tabu siku zote na ya ndugu yangu ni ya kupata raha. Miaka mingi baadaye Mwenyezi Mungu alitujaalia tukahiji pamoja. Tulipofika Jeddah, tumevaa ihramu zetu, shuka mbili mbili nyeupe zisizo mshono, bwana mmoja mwenyeji alikuja mbio akamwonyesha ndugu yangu mizigo yake, akamwamrisha amchukulie, kwa sauti ya mtu anayesema na hamali wake. Kisha akanigeukia mimi kwa bashasha akaanza kunisemesha Kiarabu. Nami Kiarabu changu ni cha kusomea sala na dua tu, sikufahamu neno. Ndugu yangu ndiye aliyesoma nahau miaka saba na kufundisha vijana mpaka leo. Basi yule aliyedhaniwa hamali ndiye aliyemjibu, kwa Kiarabu fasihi, akamweleza kuwa yeye ni mgeni wa Mwenyezi Mungu kama yeye, lakini kama mizigo ni mizito atamsaidia kwa mapenzi ya Mungu. Yule bwana aliona haya mpaka akainamisha kichwa.

Rangi moja ilishukiwa Mombasa ikapokewa kwa bashasha Jeddah. Nyengine ilipitishwa bila shaka Mombasa ikadhaniwa ya mchukuzi Jeddah. Je, sisi tulibadilika njiani? La. Iliyobadilika ni bei, kwani kila soko lina bei yake. Na kitu ambacho bei yake yageuka kila ukivuka bahari, chawezaje kuwa ndicho kipimo cha mtu?

NYAYO ZA USAMA

Mambo haya si mageni katika dini yetu. Zayd bin Haritha (r.a.) alikuwa kipenzi cha Mtume (s.a.w.), na mwanawe Usama (r.a.) vile vile. Zayd alikuwa mweupe na Usama alikuwa mweusi, kwa kuwa mama yake, Ummu Ayman, alikuwa Mhabeshi. Wakatokea watu Madina wakaitilia shaka nasaba ya Usama kwa ajili ya rangi tu. Siku moja baba na mwana walikuwa wamelala, wamejifunika nguo vichwa, miguu yao iko nje. Akapita Mujazziz wa ukoo wa Mudlij, mtu aliyekuwa bingwa wa kutambua nasaba kwa viungo, wala hakuona ila nyayo nne. Akasema kuwa nyayo hizi zimetokana zenyewe kwa zenyewe. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) aliingia kwake siku hiyo uso wake unang'ara kwa furaha.

Izingatie furaha hiyo. Mtume (s.a.w.) hakuwa na shaka juu ya Usama. Alifurahi kwa sababu ulimi wa watu umekatwa, na kwa kuwa mama mmoja Mhabeshi, aliyemlea yeye mwenyewe utotoni, ameondokewa na dhana. Na baadaye, mwaka wa 11 Hijria, alimpa Usama uamiri wa jeshi walimokuwamo masahaba wakubwa, naye hajatimiza miaka ishirini. Walipokuwapo walionung'unika, Mtume (s.a.w.) aliwakumbusha kuwa walimnung'unikia na baba yake vile vile.

Na kiko kisa kingine katika hadithi sahihi. Bedui mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi, na ndani ya maneno yake mlikuwa na shaka. Mtume (s.a.w.) hakumkemea. Alimuuliza kama ana ngamia, na rangi zao. Akasema ni wekundu. Akamuuliza kama hamna katika hao wa rangi ya kijivu. Akasema wamo. Wametokana na wapi? Bedui akasema huenda ni mshipa wa asili uliowavuta. Basi Mtume (s.a.w.) akamfahamisha kuwa na mwanawe huenda ni mshipa wa asili uliomvuta.

MISHIPA YA PWANI

Ikiwa kuna watu ulimwenguni ambao ngamia wao ni wa rangi nyingi, basi ni sisi wa pwani hii. Ibn Battuta alipofika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu Waislamu, wafuasi wa Imamu Shafi, misikiti yao imejengwa kwa mbao kwa ustadi. Miji ilikuwapo karne nyingi kabla yake, na pepo za kaskazi na kusi zilikuwa zikileta wageni na kuwarudisha, na wengine hawakurudi.

Mwaka 2023 wataalamu walitangaza katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa, baina ya mwaka 1250 na 1800. Walikuta kuwa kwa wengi wa watu hao zaidi ya nusu ya urithi wao ni wa Kiafrika, na huo umetoka khasa kwa wanawake. Sehemu kubwa nyengine imetoka Asia, na ya Asia aghlabu imetoka kwa wanaume wa Uajemi. Na kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Mzee aliyekuwa akisema kuwa wahenga walitoka Shirazi hakusema uwongo. Na aliyesema kuwa sisi ni Waafrika hakusema uwongo. Mmoja alikuwa akimtaja babu, na mwengine akimtaja bibi. Kiswahili chetu, ambacho mwili wake ni wa Kibantu na ambacho kimevaa nguo nyingi za Kiarabu, kilikuwa kikitwambia hivyo siku zote.

Tena tazama wazee wa Mombasa walivyojiita. Walikuwa Thelatha Taifa na Tisa Taifa: Wakilindini, Watangana, Wachangamwe; Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wafaza na wenzao. Mengi ya hayo ni majina ya miji na mitaa. Kwao wao swali halikuwa "una damu gani?" Lilikuwa "wa wapi, na umekaa na nani?"

SWALI LILIPOTIWA BEI

Basi swali hili liliharibika lini? Aghlabu huharibika pale dola inapotia bei juu ya jibu. Waingereza walipotawala waliwagawa watu mafungu, wenyeji na wasio wenyeji, na kila fungu likawa na kodi yake na sheria zake. Tangu mwaka 1920 hivi wanaume Waafrika wa Kenya walilazimishwa kuchukua kipande, wakikivaa shingoni katika kikopo cha bati. Aliyehesabiwa Mwarabu hakukivaa. Je, ni ajabu kuwa baadhi ya watu wa pwani waliandika maombi ya kutaka wahesabiwe Waarabu? Jibu lilikuwa limepewa thamani, na kitu chenye thamani huzuka wenye kukighushi. Baadaye, uhuru ulipokuja, bei ikageuka, na walewale au wana wao wakaanza kuulizwa kwa nini walijiita Waarabu.

Na bei ya swali hili yaweza kuwa roho. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, watu zaidi ya 1,100 waliuawa Kenya, na barabarani viliwekwa vizuizi ambapo abiria aliteremshwa akaulizwa kabila lake. Rwanda mwaka 1994 kabila lilikuwa limeandikwa ndani ya kitambulisho chenyewe, mabaki ya utawala wa Wabelgiji, na karatasi hiyo ilitosha kuwa hukumu. Walioyafanya hayo hawakuanza kwa panga. Walianza, miaka mingi nyuma, kwa mzaha, na kwa majina mabaya, na kwa dhana. Yaani yale yale yaliyokatazwa katika aya zile mbili.

Hapana budi tushukuru palipo na kheri. Tanzania haijawauliza watu kabila katika hesabu zake tangu ile ya mwaka 1967. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 27, imekataza mtu kubaguliwa kwa ukoo wake au rangi yake. Lakini sheria hukaa kitabuni, na dharau hukaa moyoni, na baina ya kitabu na moyo kuna safari ndefu.

NA SISI JE?

Hapa sasa, ndugu msomaji, ndipo ninapoomba subira yako. Je, sisi tunaolalamika kuulizwa, majumbani mwetu tunaulizaje? Kijana mwenye dini na tabia njema, mwenye kazi ya halali, akileta posa, neno la kwanza litokalo ndani ni lipi? "Hao wenyewe ni watu gani?" Na likijulikana kuwa babu yake alitoka bara, au kuwa zamani kulikuwa na utumwa katika ukoo wao, sauti hushushwa, chai huletwa kwa adabu, na jibu hucheleweshwa mpaka mwenyewe afahamu. Nimekaa katika mabaraza nikasikia Muislamu mwenye kusali safu moja na mwenziwe akimwita chotara, au mshenzi, au mja, na waliokuwapo wakacheka. Bwana yule wa mezani aliyenitaka cheti cha babu yangu, je, ana tofauti gani na baba wa msichana anayemtaka kijana cheti cha babu yake?

Abu Dharr (r.a.) alikuwa katika masahaba wakubwa, na siku alipomtukana mtu kwa mama yake, Mtume (s.a.w.) alimwambia wazi kuwa bado amebakiwa na ujahili ndani yake. Naye alikuwa Abu Dharr. Sembuse mimi na wewe?

Najua kuwa wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamezungumza juu ya kufu, na nasaba ni katika waliyoyataja. Hayo wenye elimu ndio wa kuyafafanua. Lakini na tukumbuke pia kuwa Fatima binti Qays (r.a.), mwanamke wa Kikureshi, aliposwa na Muawiya na Abu Jahm, wote Makureshi kama yeye, naye Mtume (s.a.w.) akamwelekeza aolewe na Usama, Usama yule yule wa nyayo, mwana wa Zayd aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Mwanzo hakupenda. Kisha alitii, na Mungu akatia kheri ndani yake hata wanawake wenziwe wakamwonea wivu mwema.

ADABU YA KUULIZA NA YA KUJIBU

Tufanye nini basi? Nadhani mambo machache yatatosha.

Ama mwenye kuuliza, aanze kwa salamu na jina, si kwa kabila. Akitaka kujua asili ya mwenziwe, aanze kuitaja yake. Mwenye kufungua mlango wake kwanza hatiliwi shaka anapobisha wa mwenziwe. Asikisie, kwani mwenye kukisia hutaka asifiwe kuwa amepata, na yule mwengine si fumbo. Asiulize mbele ya kadamnasi jambo linaloweza kumwaibisha mtu au mama yake. Na akijibiwa, akubali. Mtu ndiye mwenye khabari ya nyumba yake.

Ama mwenye kuulizwa, asione haya na asidanganye. Mtume (s.a.w.) ameonya vikali juu ya mtu kujinasibisha na asiyekuwa baba yake hali anajua. Kwa hivyo anayejitungia nasaba ili apandishe bei yake anaingia katika onyo hilo, na anayemficha bibi yake wa shamba amekata kizazi kwa ulimi. Mimi nikiulizwa sasa husema: "Mimi ni Mswahili wa Mombasa. Babu yangu alitoka Hadhramaut, bibi yangu alikuwa Mdigo wa Diani, na ndugu yangu huyu mweusi ni wa tumbo moja nami. Na wewe je, wa wapi?" Mwenye kuuliza kwa kujuana hufurahi akaanza kunieleza kwao. Mwenye kuuliza kwa kupima bei hukosa pa kuniweka.

Na nyinyi wazazi, wafundisheni watoto majina ya mababu na ya mabibi pia, wa pande zote mbili, wala msiwafiche hata mmoja. Tena wachukulieni vyeti vyao mapema na mviweke mahali pamoja, kwani jalada la msahafu ni amana tukufu lakini halisomwi ofisini. Na akiingia nyumbani mgeni wa rangi yoyote, watoto wawaone mnamkaribisha kabla hamjamuuliza.

Tukumbuke mwisho wa safari. Liko baraza moja ambalo sote tutahudhuria, kila mtu peke yake, chini ya mchanga. Hapo tutaulizwa juu ya Mola wetu, na dini yetu, na Mtume wetu. Kabila halimo katika maswali hayo. Basi tulitumie swali hili duniani kwa lile lililoumbiwa, la kujuana, na tusilitie bei ambayo Mwenyezi Mungu hakuitia.

Ewe Mola wetu, tusafishe nyoyo zetu na dharau na dhana mbaya, uwasitiri mama zetu, uwarehemu mababu na mabibi zetu popote walipozikwa, na utujaalie tujuane kwa kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.